Kipevu haizalishi, basi ya nini?

Mvua zikinyesha na mabwawa ya umeme ya Tana yakajaa, maneno huwa yale yale: "Megawati tunazo za kumwaga, mtambo wa mafuta wa Kipevu, Mombasa, ufungwe." Wanaoyasema wengine ni wasomi, na ndio wanaochosha zaidi.

"Mtambo usiozalisha mwezi mzima hauna kazi"

Hesabu hii hujumlisha megawati zilizoandikwa kwenye vibao vya mitambo yote ya Kenya, kisha hulinganisha na matumizi. Haina saa wala mahali. Saa moja na nusu jioni, zile megawati 50 za jua la Garissa zimekwisha, upepo wa Loiyangalani una ratiba yake, na kila nyumba imewasha taa, pasi na runinga. Kipevu III, ndio mtambo wenyewe, megawati 120 kwa injini 7, huhitajika kwa saa hizo tatu nne.

Mahali ndipo panaposahaulika kabisa. Umeme wa mvuke wa Olkaria, kule Bonde la Ufa, hufika Mombasa kwa njia ndefu. Ile ya Nairobi hadi Mombasa pekee ni kilomita 482. Viyoyozi vya hoteli, pampu za maji na makontena ya baridi bandarini huendeshwa na mota, na mota hudai nguvu riaktivu, yaani ile ya kujenga sumaku ndani ya mota, ambayo haisafiri vizuri umbali huo. Isipopatikana karibu, volteji ya Pwani hushuka, mota huvuta ampea zaidi, volteji ikazidi kushuka. Injini moja tu ikizunguka Kipevu, jenereta yake huongezewa mkondo wa rota, ile sumaku inayozunguka ndani yake, na volteji ikapanda. Kazi hiyo karibu haionekani kwenye hesabu ya yuniti zilizouzwa.

"Sawa, uzimwe, utawashwa stima ikipungua"

Hii si jenereta ya duka la nyama. Mafuta mazito yakipoa ni kama lami. Tangini huwekwa kwenye nyuzi 50 hivi ili yapampike, kwenye seperata, mashine ya kuyasafisha kwa kuyazungusha, karibu 98 ili maji na uchafu vitoke, na yakielekea kwenye nozeli zinazoyanyunyiza ndani ya silinda huwa yamefika 120 hadi 130. Maji ya koti la injini, yale yanayozunguka silinda, yabaki nyuzi 60 au zaidi, na chupa za hewa ya kuwashia ziwe na presha karibu ba 30. Vyote vikiwa tayari, injini huzungushwa polepole kwanza, kuhakikisha hakuna maji ndani ya silinda, ndipo huwashwa. Mzigo hupanda ndani ya dakika chache. Vikiwa baridi, hesabu saa.

Kosa baya kuliko yote ni kuizima kwa muda mrefu bila kwanza kuihamishia kwenye dizeli nyepesi. Mafuta mazito hubaki mabombani, hupoa, na pampu za sindano, zinazosukuma mafuta hadi kwenye nozeli, hukwama. Anayekata gharama ya kupasha joto ili "kuokoa" ameshaufuta mtambo, ila kwenye karatasi bado upo. Ukiambiwa megawati kadhaa ziko akiba, uliza maji ya koti yana nyuzi ngapi. Asiyeweza kukujibu hana akiba.

Wala kuuendesha kwa mzigo mdogo kila siku si dawa: chini ya robo hivi ya uwezo wake, masizi hujaa kwenye tabo, inayosukumia injini hewa kwa nguvu ya moshi, na kwenye boila inayopashwa na moshi huo, ambako huweza kushika moto.

"Unakula mafuta kwa sababu ni mzee"

Hata ikiwa mpya, injini ya aina hii hula takriban gramu 200 za mafuta kwa yuniti moja ya umeme. Nozeli zilizochoka na tabo chafu huongeza kidogo, na vyote hurekebishika. Umri wake huhesabiwa kwa saa za kazi. Vali za moshi huliwa na vanadi na sodiamu zilizomo kwenye mafuta, na hizo hazingoji uzee.

"Ada ya mafuta kwenye bili ni ya Kipevu"

Ni ya mafuta yote yaliyochomwa mwezi huo, pamoja na dizeli ya vituo vilivyo nje ya gridi kama Mandera, yakagawanywa kwa yuniti. Ndiyo maana hupanda mabwawa yakikauka.

"Kipevu si ilishafungwa?"

Huo ulikuwa Tsavo, megawati 74, uliokuwa hapo hapo Kipevu. Mkataba wake wa miaka 20 uliisha 2021.