Hawa Watu Wanatafuta Nini? Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Waliojitwisha Kazi ya Afya ya Akili Mtaani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mtunza hazina wa kikundi kidogo cha afya ya akili katika mitaa ya Nyakato, hapa Mwanza. Kazi yangu ni daftari la mapato na matumizi, wala si tiba, na pengine ndiyo sababu watu huniuliza mimi maswali ambayo wangeona haya kumwuliza muuguzi wetu. Swali linalorudi kuliko yote halihusu sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, wala skizofrenia, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo. Linatuhusu sisi wenyewe: hawa watu wanatafuta nini? Kila anayeuliza huwa tayari na jibu lake mfukoni, na majibu hayo, ambayo nimeyasikia kwenye daladala, katika vikao vya mtaa na hata msibani, ndiyo ninayoyaweka hapa mbele ya yale ninayoyajua.

Dhana: "Wanafuata fedha za wafadhili."

Hii ndiyo dhana kongwe, na sitadai kwamba imezuka hewani. Asasi za mfukoni, zenye mhuri na akaunti ya benki lakini hazijawahi kumhudumia mtu hata mmoja, si kitu kigeni mahali ambapo misaada imemiminika. Tatizo ni kwamba katika afya ya akili misaada yenyewe haijamiminika. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020, serikali za dunia hutenga kwa wastani takribani asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa ajili ya afya ya akili, ilhali shirika hilohilo linakadiria kuwa mwaka 2019 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa akiishi na tatizo la aina hiyo. Mwenye njaa ya fedha asingekuja kulima shamba hili.

Ukilifungua daftari langu utaona neno moja likijirudia ukurasa baada ya ukurasa: nauli. Ni nauli ya mgonjwa na ya ndugu anayemsindikiza, kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa meli hadi mjini, kisha kwa daladala hadi Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda yenye idara ya magonjwa ya akili. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, familia za Sengerema zimeepukana na kusubiri kivuko huku mgonjwa akiwa hatulii. Wa Ukerewe bado wanaitegemea meli, na siku ziwa linapochafuka, miadi ya daktari inapita hivihivi.

Kwa hiyo asiyetuamini asijisumbue kupima mioyo yetu, kwa kuwa moyo haukaguliwi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, inalitaka shirika lililosajiliwa chini yake kuandaa kila mwaka taarifa ya shughuli zake na ripoti ya hesabu zilizokaguliwa, na kuziweka wazi kwa umma. Mwananchi anayo haki ya kuziomba. Katika miaka yangu yote sijamwona hata mmoja wa wanaonong'ona akiziomba.

Pamoja na hayo, ninajua kwa nini dhana hii haifi. Haifi kwa sababu wenzangu hawaikanushi. Mtu akiwaambia wanakula fedha za wazungu, wao hutabasamu na kuendelea na shughuli zao, na mwanzoni jambo hilo lilinikera sana. Baadaye nikaelewa kwamba sababu halisi iliyowaleta si mali yao peke yao. Ni habari ya mama aliyeugua baada ya kujifungua, au ya kaka aliyefungiwa chumba cha uani kwa miaka, na watu hao bado wako hai, bado wanaishi mtaa uleule, na wana mabinti ambao siku moja watachumbiwa. Kwetu posa haipokelewi kabla ukoo haujaulizwa, na neno "kichaa" likishatajwa katika ukoo huwa halifutiki. Basi mtu anaona heri ahesabiwe mla fedha kuliko kumwanika mama yake.

Wapo ambao hata wakitaka kusema wanazuiwa na woga wa aina nyingine. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Aliyenusurika akaamua kuwasaidia wengine wasifike alikofika, atasimamaje mbele ya mkutano wa mtaa na kueleza kilichomsukuma? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua, na kila kifo cha namna hiyo huacha nyuma yake familia nzima isiyojua iseme nini. Ningependa ieleweke pia kwamba kumwuliza mtu kwa upole kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi ndiyo mara yake ya kwanza kulitua.

Dhana: "Anayekaa na vichaa naye ana kasoro, au ataipata."

Dhana hii ina vichwa viwili. Cha kwanza ni rahisi kukikata: ugonjwa wa akili hauambukizwi kwa kukaa pamoja, kula sahani moja wala kulala chumba kimoja. Hata kifafa, ambacho ni ugonjwa wa ubongo ingawa kwetu mara nyingi hutibiwa kwenye kliniki moja na magonjwa ya akili, hakiambukizwi kwa povu la mgonjwa, na wale wanaomwacha mtu aungue motoni kwa kuogopa povu hilo wanamwachia makovu ya bure. Huko Mahenge, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa baada ya kuona jinsi wagonjwa hao walivyotengwa na majirani zao.

Kichwa cha pili kinahitaji uangalifu, kwa sababu ndani yake mna chembe ya ukweli iliyogeuzwa kuwa tusi. Ni kweli kwamba baadhi ya waanzilishi wa kazi hii waliwahi kuugua. Clifford Beers, Mmarekani aliyehitimu chuo kikuu cha Yale, alijaribu kujiua mwaka 1900 na akakaa hospitalini takribani miaka mitatu, alikopigwa na kudhalilishwa na watu waliowekwa wamtunze. Mwaka 1908 alichapisha habari za masaibu yake na mwaka huohuo akaanzisha chama cha afya ya akili katika jimbo la Connecticut. Mwaka 1909 kikafuata chama cha taifa zima. Asasi nyingi za leo, zijue zisijue, ni wajukuu wa chama kilichoanzishwa na mgonjwa. Aliyepata nafuu akasimamia kazi hana kasoro ya kufichwa. Anachohitaji ni kile anachohitaji mwenye kisukari au shinikizo la damu: kutokatiza matibabu yake na kupumzika anapozidiwa.

Dhana: "Ayajuaye ni aliyeyapitia, mwingine hawezi kusaidia."

Hii husemwa na marafiki zetu, tena kwa nia njema, na nilikuwa nikiiamini mpaka iliponitia aibu.

Nilimpoteza kaka yangu katika ajali ya meli ya MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na nimekwenda Igoma, walikozikwa wengi wa marehemu wale, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ndiyo iliyonileta kwenye kikundi, na kwa kuwa marehemu hana tena cha kuficha, mimi ninaweza kusema. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu zaidi ya 220, tulipokea wafiwa kadhaa waliokuja mjini kwa ndugu zao, na siku moja, muuguzi wetu akiwa amechelewa, niliketi mimi na mama mmoja aliyempoteza mumewe. Nilidhani nina la kumwambia. Nikamsimulia habari za kaka, jinsi tulivyosubiri bandarini, jinsi baba alivyokataa kula, hadi machozi yakanitoka. Mama yule akanishika mkono akaniambia, "Pole sana baba, Mungu atakutia nguvu." Akaaga, akaondoka na mzigo wake wote kama alivyokuja nao. Nilikuwa nimefarijiwa na mtu niliyepaswa kumsikiliza.

Muuguzi wetu, aliponisikia nikimsimulia, hakunigombeza. Alisema tu kwamba kilichomleta mtu kwenye kazi hii kikae mlangoni, kama viatu. Kuyapitia humpa mtu subira ya kukaa na mwenzake bila kumkimbilia na maneno ya "jikaze", na hilo si dogo. Lakini huzuni ya mmoja si ramani ya huzuni ya mwingine. Kinachosaidia ni ufundi wa kusikiliza, na ufundi hufundishwa. Katika kikundi chetu wapo wawili ambao, kwa ninavyojua, hawajawahi kufiwa wala kuuguliwa kwa namna ya kutisha, na mmoja wao ndiye msikilizaji bora kuliko sisi sote.

Dhana: "Hiyo ni kazi ya madaktari, mama wa mtaani asiye na shahada atamsaidia nani?"

Jibu zuri zaidi ninalolijua linatoka Harare. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini Zimbabwe, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake kijana aliyejiua kwa sababu familia haikuwa na nauli ya basi, kama dola 15, ya kumrudisha hospitalini kumwona. Ninaposoma habari hiyo, mimi mwandika nauli, huwa nafunga daftari kwa muda. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare, Chibanda alianza na akina bibi 14 ambao tayari walikuwa wahudumu wa afya wa kujitolea, akawafundisha njia ya mazungumzo ya kumsaidia mtu kuyachambua matatizo yake, kuchagua moja na kulitafutia hatua inayowezekana. Bibi na mgonjwa huketi kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, kwa hiyo asasi ikaitwa Friendship Bench.

Akina bibi hao hawakutumia neno la kitabuni la sonona. Walitumia neno la Kishona, *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, nalo ni ndugu wa damu wa maneno yetu ya Mwanza tunaposema fulani "ana mawazo". Utafiti wao, ulioshirikisha watu 573, ulichapishwa mwaka 2016: miezi sita baadaye, dalili za sonona zilibaki kwa takribani asilimia 14 ya waliokaa na akina bibi, zikabaki kwa takribani asilimia 50 ya waliopewa huduma ya kawaida.

Lakini benchi lina mpaka wake. Anayesikia sauti zisizokuwapo, aliyeacha kula na kulala kwa siku kadhaa, au anayeeleza mpango wa kujidhuru, hapaswi kubakizwa kwenye mazungumzo ya mtaani hata kwa saa moja ya kumwonea huruma; huyo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Mtu mwema asiyejua mpaka huo ni hatari kuliko asiyejali, maana huyu wa pili hamcheleweshi mgonjwa.

Dhana: "Wamekuja kupiga vita waganga na dini."

Nchi ya Wasukuma imekuwa na *bafumu* wake, yaani waganga wa jadi, kabla ya hospitali yoyote kujengwa, na familia nyingi humpitisha mgonjwa huko, au kwenye maombi, kabla ya kufika kwetu. Thomas Adeoye Lambo, daktari bingwa Mnigeria aliyesomea Uingereza, hakuona haja ya kuvunja uhusiano huo: kule Aro, Abeokuta, tangu mwaka 1954, wagonjwa wake walikuja na ndugu, wakakaa katika nyumba za wanavijiji wa jirani, wakatibiwa mchana, na waganga wa jadi wakashirikishwa. Ugomvi wetu ni na vitu viwili tu, minyororo na agizo la kuacha dawa. Mganga au mchungaji asiyegusa hivyo viwili tunakunywa naye chai.

Dhana: "Wana moyo wa ajabu, hawachoki, hawahitaji malipo."

Wanachoka. Wanaumwa migongo, wanadaiwa ada za shule, na mmoja wetu aliacha kazi hii akaenda kuuza dagaa mwaloni Kirumba kwa sababu sifa hazinunui unga. Simlaumu. Posho yao ndiyo mstari ninaopenda kuuandika kuliko yote, na ndio unaofutwa kwanza fedha zinapopungua.

Mwaka jana kijana mmoja wa chuo alikuja kutuhoji kwa ajili ya kazi yake ya shule, akaomba kuona katiba ya kikundi, akifungua moja kwa moja kwenye kifungu cha madhumuni. Kimeandikwa: kutoa elimu ya afya ya akili kwa jamii na kuwasaidia wagonjwa kupata matibabu. Akauliza kama ni hayo tu. Mwenyekiti wetu, ambaye siku tunaandika kifungu hicho alikuwa na dada yake amelazwa wodini, akamjibu kwamba ni hayo tu, akamkaribisha soda.