"Wote Wameipenda" Siyo Maoni

Nimeletewa tena. Trela, kionjo cha filamu, ya dakika 4, imetumwa WhatsApp, na chini yake ujumbe: "Kaka, nimewaonyesha watu, wote wameipenda." Watu gani? Mama mzazi, mchumba, waigizaji wenyewe waliomo humo, na grupu la waliosoma pamoja. Hao wasipoipenda, ataipenda nani?

La urefu nilimalize haraka. Wamiliki wa majumba ya sinema Marekani walitoa mwongozo mwaka 2014 kwamba trela isizidi dakika 2, na watazamaji wao wameshakaa kitini, wameshalipa. Wako anatumia bando la kuhesabu na kidole kiko tayari kupitiliza. Nembo ya kampuni inayozunguka mwanzoni, toa. Sauti isikilize kwenye spika ya simu, usiridhike na hedifoni. Basi.

Linaloniudhi ni hili la maoni. Mtu hakwambii usoni kwamba kazi yako mbovu, hasa ukiwa umemsimamia kama unamdai. Atasema "umetisha", atakuombea heri, ataondoka zake. Nenda soko la Mwanga hapa Kigoma, mpe simu mtu asiyekujua, na usijitaje kuwa ndiye mwongozaji. Sema umetumwa na binamu yako. Usimuulize kama ameipenda. Muulize filamu inahusu nini, kisha nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo waongozaji wetu wanaposhindwa. Mtu akianza tu kukosea, wanadakia: "Hapana, yule dada ni..." Ndugu yangu, ukishaiachia utamfuata kila mtazamaji kwake umweleze?

Kuna trela niliyohariri, mwanamke amesimama mwaloni Kibirizi, mitumbwi ya wavuvi inapofikia, anatazama ziwa, shoti inayofuata mtumbwi unaingia. Sisi tulioijua hadithi tulimwona mwenye chombo anayengoja kulipwa deni lake. Wengine wote walimwona mke anayemsubiri mume, na mzee mmoja akaongeza kwamba huyo mume bila shaka amekufa maji. Hawakukosea. Tangu enzi za sinema isiyo na sauti, Lev Kuleshov wa Urusi alionyesha kwamba uso uleule wa mwigizaji ukifuatwa na sahani ya supu, watu wanaona njaa. Ukifuatwa na jeneza, wanaona huzuni. Tulichoongeza ni shoti fupi: daftari la madeni mkononi mwake, kidole gumba kimekandamiza jina. Mume akafufuka, au tuseme akatoweka kabisa.

Sasa angalia: watazamaji walewale walikuwa wameshauri tuweke muziki wa huzuni, na sauti ya mtu wa kueleza. Mtazamaji ni kama mgonjwa, panapomuuma anapajua, dawa haijui. Andika sekunde aliyoilalamikia. Dawa yake mshukuru tu, uiache. Tena usingoje aseme. Kaa pembeni umwangalie yeye, siyo skrini. Akiinua macho kumtazama mpita njia, andika na sekunde hiyo.

Na iwe mchana, juani. Kila filamu ya huku ina shoti ya wavuvi wa dagaa, taa zimetapakaa ziwani usiku wa giza (mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, kwa hiyo mlisubiri sana kuipata). Chumbani kwenye kompyuta inapendeza ajabu. Kwenye simu saa saba mchana ni weusi mtupu wenye vidoti, na WhatsApp ikishaibana video, hata vidoti vinakuwa viraka. Ongeza mwanga, na ukishindwa ing'oe, hata kama mlikesha mkiipiga.

Kuna jambo lenyewe sijalimaliza. Tunafundishwa tusifichue hadithi. Lakini watazamaji wa vibanda umiza, vile vibanda vya kulipia kuona video, wamelelewa na filamu za kutafsiriwa, mtafsiri anawadokeza kinachokuja, na bado wanakaa hadi mwisho. Wapo walioniambia wazi: nisipojua habari yenyewe, nilipie nini? Mwisho bado naficha, ila siku hizi siwezi kuapa kwamba niko sahihi. Hata idadi ya watu wa kuwauliza sina kanuni. Watu wasiojuana wakianza kukwama sekunde ileile, naacha kuuliza, narudi kuhariri.