Ebola: usingoje damu itoke

Maswali haya niliulizwa kila siku nilipokuwa muuguzi Butembo, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika mlipuko wa Ebola wa majimbo ya Kivu Kaskazini na Ituri wa 2018 hadi 2020. Bado naulizwa.

Ebola ni nini?
Ni ugonjwa wa virusi, uliotambuliwa mwaka 1976 huko Yambuku, Kongo. Huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi au majimaji mengine ya mgonjwa, au maiti yake. Dalili huanza siku 2 hadi 21 baada ya kuambukizwa.

Mgonjwa wetu ana homa tu, hatoki damu. Si malaria hii?
Huenda ni malaria. Huenda ni Ebola. Kwa macho hata mimi siwezi kuzitofautisha. Ni kipimo tu kinachoweza. Ebola huanza na homa, kichwa, viungo kuuma na uchovu, halafu kutapika na kuhara. Wagonjwa wengi hawatoki damu kabisa. Usingoje damu! Nilimpokea mama aliyetundikiwa dripu siku sita katika zahanati tatu za mtaani, huku ndugu wakisema, "Hatoki damu, si Ebola." Alilazwa karibu na watoto wa watu waliokuja kwa malaria ya kawaida. Katika mlipuko ule wengi waliambukizwa hivyo hivyo, ndani ya zahanati.

Lakini anayeingia CTE, kituo cha kutibu Ebola, si anatoka maiti?
Hapana. Kuanzia Novemba 2018, kundi la watafiti, akiwemo Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo, lilijaribu dawa nne kwa wagonjwa 681 hapa mashariki. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa, kwa sababu dawa mbili zilionekana wazi kuwa bora. Moja ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, Mkongomani mwenzetu.

Sasa sikiliza hesabu hii. Katika jaribio hilo, kati ya waliofika ndani ya siku moja tangu dalili zianze, walikufa 19 katika kila 100. Waliofika baada ya siku tano, walikufa 47. Siku tano ndizo hizo unazozimaliza kwa dripu za mtaani, majani na maombi ya nyumbani. Omba, ndiyo, lakini ombea njiani ukija. Anayeletwa amechelewa hufa, ndugu husema CTE imemuua, na jirani aliyesikia naye humficha wa kwake.

Sisi hatuamini kwamba Ebola ipo.
Najua. Watu 961 walipoulizwa Beni na Butembo Septemba 2018, mmoja katika kila wanne alisema haipo. Beni ilikuwa imechinjiwa watu na waasi kwa miaka, kisha magari ya Riposti, yaani kikosi cha kupambana na Ebola, yakajaa barabarani kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Hasira hiyo ni halali. Kumficha mtoto mwenye homa kwa sababu yake si halali.

Tukimleta, tutamwona tena?
Uliza, dai uonyeshwe. Kulikuwa na vyumba vya plastiki angavu ambapo familia ilimwona mgonjwa na kuongea naye. Watoto walibebwa na wanawake waliopona, kwa kuwa walikuwa na kinga tayari.

Kwa nini mnatuhimiza chanjo nyingine wakati wa Ebola?
Kwa sababu Ebola ile iliua watu 2,287, lakini katika mlipuko wa surua wa miaka hiyo hiyo Kongo ilizika zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Kuogopa kituo cha afya hakuishii kwa mwenye Ebola. Mjamzito naye hubaki nyumbani, na kadi ya chanjo ya mtoto hubaki tupu.

Usiku huu mtu wetu ameanza homa. Tufanye nini?
Mtengeeni chumba, ahudumiwe na mtu mmoja tu asiyegusa matapishi wala kinyesi kwa mikono mitupu. Msimpakie pikipiki katikati ya watu wawili. Piga simu kituo cha afya, au muite mhamasishaji wa afya wa mtaa wako, usiku huu huu.