Ukila kwenye mgahawa wa Kijapani ndani ya jengo la maduka, anza kuonja wali

Mteja akiketi kwenye mgahawa wa Kijapani wa kawaida, ule ulio ghorofa moja na maduka ya nguo na viatu, jicho lake hukimbilia samaki mbichi. Anang'aa? Amekatwa vizuri? Nimepika kwenye majiko ya aina hii kwa miaka mingi, nikaanzia kwenye sinki la kuoshea mchele hadi kusimamia zamu nzima, na sasa nafundisha wapishi wanaoanza. Nikienda kula mahali nisipopajua, naonja wali kabla sijagusa kitu kingine. Mgahawa wowote wenye msambazaji mwaminifu unaweza kununua samaki mzuri, akaletwa ameshachunwa na kusafishwa. Wali hauna njia hiyo. Ni lazima upikwe palepale, siku hiyohiyo, na mtu anayejali.

Mchele wa Kijapani una punje fupi, na wanga wake hufanya punje zishikane. Huoshwa mara kadhaa hadi maji yanayomwagwa yakaribie kuwa maangavu, hulowekwa kama nusu saa, hupikwa, kisha huachwa utulie ndani ya mvuke wake bila kufunuliwa. Ule wa sushi, matonge ya wali yanayowekwa samaki juu, humwagiwa siki yenye sukari na chumvi ungali moto, ukageuzwa kwa mwiko bapa, mwiko ukipita kwa ubavu kana kwamba unakata, ili punje zisipondeke. Ukifika mezani unapaswa kuwa na uvuguvugu wa mwili wa binadamu. Tonge linyanyuke kwa vijiti bila kuvunjika, lakini likifika mdomoni liachie lenyewe.

Wali huo ukikaa kwenye friji, wanga wake hujipanga upya na kukaza. Punje huwa ngumu katikati na kumeguka zikiwa kavu, hata samaki aliyelala juu yake awe bora kiasi gani. Hiyo ndiyo sababu sipendekezi sushi zilizopangwa tangu asubuhi kwenye kabati la kioo lenye baridi karibu na kaunta ya malipo. Subiri dakika chache utengenezewe. Mgahawa ukikuambia hautengenezi kwa oda, achana na sushi, uagize kitu cha moto.

Na kitu cha moto si tuzo ya kufutia machozi. Nasikia mara kwa mara kwamba chakula halisi cha Kijapani kiko kwenye vyumba vidogo vyenye viti vinane, na kwamba cha kwenye jengo la maduka ni kivuli tu. Sikubaliani kabisa. Sehemu kubwa ya ulaji wa kawaida wa Wajapani wa mjini ilikulia ndani ya maduka makubwa. Mwaka 1930, ukumbi wa chakula wa duka la Mitsukoshi, Tokyo, ulianza kuuza sahani ya watoto yenye kilima cha wali kilichochomekwa kibendera, na sahani hiyo ingali kwenye menyu nyingi za familia hadi leo. Mwaka 1932, Takizo Iwasaki alianzisha Osaka biashara ya kutengeneza vyakula vya mfano, wakati huo kwa nta, ili mteja aone kwenye kabati la mlangoni atakachokula kabla hajaingia. Siku hizi ni vya plastiki. Na mwaka 1958, pia pande za Osaka, Yoshiaki Shiraishi alifungua mgahawa wa kwanza wa sushi zinazozunguka juu ya mkanda, wazo alilolipata alipoona chupa za bia zikipita kiwandani. Familia iliyobeba mifuko ya manunuzi ikaingia kula tambi imekaa ndani ya desturi hiyo hasa.

Baada ya wali, supu ya miso, lahamu ya soya iliyochachushwa. Wengi huiona kama kisindikizo cha bure na kuiacha ipoe pembeni, nami husikitika nikiona hivyo, kwa sababu bakuli lile dogo limebeba msingi wa karibu kila kitu kingine utakachokula. Chini ya miso kuna dashi, maji yaliyotolewa ladha kwa mwani mpana uitwao kombu na vipande vyembamba vya katsuobushi, yaani samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa hadi akakauka kabisa. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo alibaini kwamba ladha nzito ya kombu inatokana na glutamati, akaipa jina la umami. Miaka mitano baadaye, Shintaro Kodama akapata inosinati ndani ya katsuobushi. Vitu hivyo viwili vikikutana, utamu wake huzidi sana ule ambao kila kimoja kingetoa peke yake. Wapishi walikuwa wakivichanganya muda mrefu kabla ya maabara kueleza kwa nini.

Migahawa mingi ya kawaida hutumia dashi ya unga, na sioni ubaya mkubwa ikipimwa vizuri. Kinachoniudhi ni supu iliyochemshwa. Miso huyeyushwa mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa, kwa kuwa ikitokota harufu yake hupotea na kubaki chumvi tupu. Supu inayokaa jikoni mchana kutwa ikichemka utaitambua kwenye funda la kwanza. Jiko linalolinda harufu ya bakuli hilo dogo kwa kawaida hulinda pia mchuzi wa udon, yaani tambi nene za ngano, na sosi inayomwagiwa wali wenye kuku na yai, maana dashi ndiyo inayobeba vyote hivyo.

Sasa uagize nini? Kwenye mgahawa wa namna hii mimi huenda kwenye vitu vya kukaanga, vya bakuli na vya tambi. Katsu ya nguruwe, kipande cha nyama kilichopakwa chenga za mkate na kukaangwa, ilianza kwenye mgahawa wa Rengatei huko Ginza, Tokyo, mwaka 1899, ikitokana na upishi wa Ulaya. Kari ya Kijapani iliingia kupitia Waingereza katika enzi ya Meiji (1868–1912). Tempura, kamba au mboga zilizochovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa, ina asili kwa Wareno waliofika karne ya 16. Vyote vilipokelewa, vikabadilishwa, vikawa vya Wajapani, na vyote huvumilia mwendo wa jiko lenye wateja wengi. Ila vina siri zake. Unga wa tempura hukorogwa kwa maji baridi sana, kidogo tu, mabonge yakiachwa, kwa sababu ukikorogwa sana gluteni, protini ya ngano, hujenga mtandao na ganda linakuwa zito. Ganda zuri ni jepesi, limekauka, na kamba wa ndani bado ana majimaji. Katsu nayo hupakwa chenga kubwa za mkate zinazosimama zikikaangwa. Ukikuta chenga zimelala na kunywa mafuta, mafuta yalikuwa hayajapata moto wa kutosha.

Menyu ndefu kupita kiasi hunipa wasiwasi. Jiko moja dogo haliwezi kufanya vizuri sushi, rameni (tambi za mchuzi), nyama ya kuchoma kwenye bamba na vitafunio vya nchi nyingine tatu. Tafuta ukurasa ambao mgahawa umeutolea maelezo mengi kuliko kurasa nyingine, uagize hapo.

Rameni na udon ziliwe haraka. Tambi za rameni hukandwa kwa maji yenye chumvi za alkali, ambazo huzipa rangi ya manjano na ule ubishi wa kutafuna, lakini ndani ya mchuzi moto zinaendelea kunywa maji kila dakika. Piga picha moja ukitaka, kisha kula. Kuzivuta kwa sauti si utovu wa adabu huko kwao, na hewa inayoingia nazo husaidia kuzipoza.

Nirudi kwa samaki mbichi, maana swali la usalama huulizwa kila darasa. Watu hutaka samaki aliyevuliwa leo. Kwa aina nyingi ningependelea aliyegandishwa vizuri. Baridi kali huua minyoo ya anisakis, na kanuni za Umoja wa Ulaya hutaka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe hadi nyuzi 20 chini ya sifuri kwa angalau saa 24, ukiacha wale kama samoni wa kufugwa wanaolishwa chakula kisicho na vimelea. Samoni mwenyewe ni mgeni juu ya sushi. Wajapani walizoea kumla akiwa amepikwa au kutiwa chumvi, kwa sababu wale wa porini wa Pasifiki wana minyoo. Ni katika miaka ya 1980 ambapo Wanorwe walianza kampeni ya kuwauzia samoni wao wa kufugwa ili aliwe mbichi, nao wakafaulu. Kuhusu wasabi, tope la kijani utakaloletewa kwa kawaida ni mzizi mkali wa jamii ya haradali uliotiwa rangi. Wasabi wa kweli hukwaruzwa papo hapo na harufu yake hupungua ndani ya dakika chache, kwa hiyo usiwalaumu. Mchuzi wa soya uguse upande wa samaki, kwa kuwa wali hufyonza mwingi na kusambaratika. Na vijiti usivisimamishe wima ndani ya wali, wala usimpokeze mwenzako chakula kijiti kwa kijiti. Mambo hayo mawili ni ya msiba.

Mwenye vyakula asivyoruhusiwa kula asiitegemee picha ya menyu. Supu ya miso isiyoonekana kuwa na samaki ina dashi ya samaki. Mchuzi mzito na mweupe wa tonkotsu ni mifupa ya nguruwe iliyotokoswa saa nyingi, na gyoza, vifuko vidogo vya unga, mara nyingi hujazwa nguruwe. Mirin halisi, pombe tamu ya mchele inayong'arisha sosi ya teriyaki, ina kilevi cha kama asilimia 14, na sake, pombe nyingine ya mchele, hutiwa kwenye sosi nyingi. Mchuzi wa soya wa kawaida una ngano. La mwisho husahaulika zaidi: majiko mengi hukaanga tempura ya mboga ndani ya karai lilelile la katsu. Uliza kabla oda haijaingia jikoni, na umwombe mhudumu akamuulize mpishi mwenyewe, kwa sababu ndiye anayejua karai gani lilikaanga nini mchana huo.