Kuhamisha tangi la Suzuki Sierra: anza na mlima, si na nafasi

Kwenye Suzuki Sierra na Samurai tangi la mafuta la lita 40 linakaa nyuma ya ekseli ya nyuma, chini ya sakafu. Kwa gari la kawaida hapo si pabaya. Ukishainua springi, ukakata bodi ya nyuma na kutoa bampa, tangi ndilo linalotangulia kugonga jiwe kila unapotoka korongoni. Ndiyo maana magari mengi yanayojengwa kwa mashindano kama Rhino Charge ya Kenya, ambako timu ina saa 10 za kufikia vituo 13 kwa njia fupi kuliko zote, hubeba tangi juu ya sakafu, nyuma ya viti.

Karibu kila anayetaka kufanya kazi hii huanza kwa kuuliza tangi litaenea wapi. Mimi naomba uanze na swali jingine: gari likiinuka nyuzi 35, petroli itakimbilia wapi, na mdomo wa kunyonyea utakuwa wapi?

Chukua tangi la sentimita 60 kwa 40 kwa 25. Zidisha, unapata lita 60 kamili. Lilaze kwa urefu, zile 60 zielekee mbele na nyuma ya gari, kisha weka mdomo wa kunyonyea upande wa mbele kwa kuwa ndiko injini iliko na bomba litakuwa fupi. Panda mlima wa nyuzi 35. Petroli inarudi nyuma, na mdomo unaanza kunyonya hewa wakati tangini bado mna lita 42. Geji haijafika hata nusu na injini inazima. Ukiupeleka mdomo nyuma kabisa utapanda vizuri, ila lita 42 zilezile zitakukwamisha ukianza kushuka. Ukiuweka katikati, zisizofikika ni lita 12 na nusu hivi, iwe unapanda au unashuka. Sasa geuza tangi lilelile likae kwa upana wa gari, mdomo ukiwa katikati: kwa kupanda nyuzi 35 zinabaki lita 8 na kidogo, na ni hizohizo gari likilala ubavu kwa nyuzi 25. Bati halijaongezeka, fedha haijaongezeka, umegeuza tangi tu.

Chini ya katikati chomelea kisima: kisanduku cha sentimita 15 kwa 15, kina cha sentimita 8. Kinashika karibu lita 1.8. Bomba la kunyonyea lishuke humo likomee milimita 10 juu ya sakafu ya kisima, kwa sababu maji na uchafu hutulia chini. Mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini nayo yashushwe kisimani kwa bomba refu. Yakiachwa yadondoke kutoka juu, yanatoa povu na pampu inavuta hewa. Kabureta ina bakuli lake la akiba ya mafuta, kwa hiyo hewa ya sekunde mbili tatu haiizimi. Injini ya sindano, yaani inayopuliziwa mafuta kwa shinikizo badala ya kutumia kabureta, haina uvumilivu huo. Hiyo iongezee tangi dogo la lita 1.5 hadi 2: pampu ya shinikizo dogo inalijaza kutoka tangi kubwa, pampu ya shinikizo kubwa inanyonya chini yake, na yanayozidi yanarudi tangi kubwa kupitia juu.

Kuhusu bati, napendelea aluminiamu ya 5052, unene wa milimita 3. Inakunjika bila kupasuka na inachomeleka vizuri. Ile ya 6061 hupoteza sehemu kubwa ya uimara wake pale ilipopitishwa moto, basi iache kwa mabano. Tangi la vipimo vile litatumia karibu mita moja ya mraba ya bati, yaani kilo 8 kabla ya kuta za ndani. Kunja bati kadiri unavyoweza ili maungio yapungue, na kona zisiwe kali.

Kuta za ndani, zile zinazozuia mafuta yasiyumbe, weka angalau moja kila upande. Zitoboe matundu ya milimita 25 hadi 30, na ukate pembe zake zote, za chini mafuta yapite, za juu hewa ipite. Ukuta uliozibwa pembe za juu hufungia hewa, na tangi la lita 60 litakuwa likijaa lita 50 bila mtu kujua kwa nini.

Matangi mengi ya kutengeneza hufia kwenye ufungaji. Chesisi ya gari la porini hujikunja: gurudumu moja likipanda jiwe, kona mbili za chesisi hazilingani tena kwa sentimita nzima au zaidi. Ukilifunga tangi kwa bolti nne moja kwa moja kwenye chesisi, umelifanya kuwa sehemu ya chesisi, na aluminiamu haiwezi kazi hiyo. Litapasuka pembeni mwa mstari wa kuchomelea, milimita mbili tatu kutoka kwenye mshono, pale moto ulipolainisha bati. Lifanyie kitanda cha chuma cha pembe kinachobebwa kwa nukta tatu, mbili upande mmoja na moja katikati ya upande wa pili, kila moja na bushi ya mpira. Tangi lenyewe lishikwe kitandani kwa mikanda miwili ya chuma ya upana wa milimita 30, chini ya kila mkanda ukanda wa mpira wa milimita 5. Usitumie zulia wala sponji. Vinashika maji na tope, na aluminiamu inalika kimyakimya chini yake.

Kabla ya kulifunga, lipime kwa hewa na maji ya sabuni, lakini kwa shinikizo dogo sana. Mafundi huleta kompresa wakafungulia. Fanya hesabu: shinikizo la bar 0.2 tu kwenye kifuniko cha sentimita 60 kwa 40 linasukuma kwa nguvu sawa na uzito wa karibu kilo 490. Bati litavimba na mishono itaumia kabla gari halijatoka gereji. Nusu ya hilo, yaani bar 0.1, inatosha. Pampu ya mkono ya baiskeli inafaa kuliko kompresa.

Tuje kwenye pumzi ya tangi, jambo linalodharauliwa kupita yote. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie. Pumzi ikiziba, injini inakwenda vizuri dakika kadhaa, inaanza kukosa nguvu, halafu inazima. Ukifungua kifuniko unasikia tangi likivuta hewa kwa nguvu, na gari linawaka tena kana kwamba halikuwa na tatizo. Watu hubadilisha pampu mbili kabla ya kukumbuka pumzi. Tumia bomba la milimita 8 hadi 10 linalotokea katikati ya juu ya tangi. Lipandishe, lizungushe kwanza upande wa kushoto, livushe hadi kulia, ndipo lishuke chini ya sakafu na kumalizia kwa filta ndogo. Mzunguko huo una maana yake: gari likilala ubavu wowote, sehemu mojawapo ya bomba inabaki juu ya mafuta, na petroli haimwagiki. Ongeza valvu ya kupinduka, ile yenye kipira ndani kinachoziba bomba gari likipinduka. Isimame wima kabisa. Ikiinama, kipira kinajifunga kwenye mlima wa kawaida na unarudi kwenye ugonjwa uleule wa tangi kukosa hewa.

Mdomo wa kujazia nao unahitaji pumzi yake, bomba la milimita 12 hadi 16 linalorudi karibu na mdomo. Bila hilo bunduki ya kituo cha mafuta itajikata kila baada ya nusu lita. Na usijaze hadi ukingoni. Petroli lita 60 ikipata joto la nyuzi 20 zaidi inaongezeka zaidi ya lita moja, na lita hiyo itatafuta njia.

Tangi likishapanda juu ya sakafu, usawa wa mafuta unaweza kuwa juu ya kabureta. Hapo huzaliwa hatari ambayo haikuwapo mwanzo. Sindano ya bakuli la kabureta, ile inayozuia mafuta bakuli likijaa, ikishindwa kufunga, tangi zima linaweza kujimimina polepole kwenye injini usiku kucha, na asubuhi oili inanuka petroli. Bomba likikatwa, mafuta yanaendelea kutoka hata pampu ikiwa imezimwa. Kwa hiyo matundu yote ya tangi yawe juu, hakuna hata moja ubavuni au chini, na weka valvu ya kufunga kwa mkono mahali ambapo dereva anaifikia akiwa amefunga mkanda.

Mipira ya kupitishia mafuta si yote sawa. Soma maandishi ubavuni mwake. SAE J30R7 ni ya kabureta, J30R9 ni ya sindano, na inayozama ndani ya mafuta ni J30R10 peke yake. Ukiweka R7 ndani ya tangi itavimba na kumeguka, na vipande vyake utavikuta kwenye filta. Kwa sindano tumia klipu za kubana mzunguko mzima, si zile zenye meno yanayokata mpira. Mabomba yapite mbali na ekzosi. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka karibu nyuzi 35 hadi 40, na ukiwa kwenye nyanda za juu huchemka mapema zaidi.

Pampu ya umeme ya nje iwe chini ya usawa wa tangi na karibu nalo, kwa sababu inasukuma vizuri lakini inanyonya vibaya. Iungwe kwa rilei, fyuzi na swichi ya kukata umeme gari likigongwa. Mdomo wa kujazia ukiunganishwa kwa mpira umetengwa na bodi, basi uvutie waya wake hadi kwenye chesisi ili umeme tuli usirushe cheche wakati wa kujaza.

Kati ya tangi na abiria lazima kuwe na ukuta wa chuma uliozibwa kila tundu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi kwenye viti. Kwa hili sikubali mjadala.

Geji: kabla hujatoa tangi la zamani, pima kwa multimita oumu za boya, kile kielea cha tangini kinachoiendesha geji, likiwa juu na likiwa chini. Nunua boya jipya linalolingana na namba hizo, ama sivyo geji itasoma kinyume.

Na tangi la zamani lisiguswe na mashine ya kuchomelea. Mvuke wa petroli huripuka ukiwa asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa, na tangi “tupu” ndilo lenye mchanganyiko huo hasa. Lililojaa lina nafuu.

Kuhusu uzito, hofu ya watu ni kubwa kuliko jambo lenyewe. Tangi na mafuta ni kama kilo 55. Ukiziinua sentimita 40 kwenye gari la kilo 1,100, kitovu cha uzito kinapanda sentimita 2. Utazihisi ukilala ubavu, lakini umepata uzito mbele ya ekseli badala ya nyuma yake, na pua ya gari haiinuki ovyo mlimani.

Baada ya safari ya kwanza ya porini usilioshe gari. Chukua tochi, chungulia kando ya mikanda na mishono. Ufa mchanga hauonekani kwa macho, ila vumbi lililoushika linalowa na kuwa mstari mweusi mwembamba kama uzi. Ukiuona, toa mafuta siku hiyohiyo.