Aliyekubali Safari Bado Anaweza Kuwa Mhanga

Katika miji ya Mbeya na Iringa imezoeleka kusemwa kwamba binti aliyepanda basi kwa hiari, akijua anakwenda kutafuta kazi, hawezi baadaye kudai kuwa amesafirishwa kiharamu. Imani hiyo si sahihi, na inawaumiza watu wanaostahili kusaidiwa.

Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inaeleza kwamba ridhaa ya mhanga haina uzito pale alipodanganywa, alipotishwa, au unyonge wake ulipotumiwa vibaya. Na kwa mtoto wa chini ya miaka 18 hata udanganyifu hauhitaji kuthibitishwa, ilimradi alichukuliwa ili atumikishwe. Tanzania na Zambia zilitunga sheria zao mwaka 2008, na Malawi mwaka 2015, kwa hiyo anayevuka Tunduma kwenda Nakonde, Zambia, au anayepitia Kasumulu kwenda Malawi, hapotezi haki ya kulindwa kwa kuvuka mpaka.

Wala si lazima mpaka uvukwe. Msichana wa Mufindi aliyeahidiwa mshahara na shule Dar es Salaam, kisha akanyang'anywa simu, akafungiwa ndani na kufanyishwa kazi bila malipo, ni mhanga kamili, hata kama mama yake mzazi ndiye aliyemfungia mzigo na kumsindikiza stendi.

Hata wasomi waliwahi kupotoka hapa: Benjamin Mendelsohn, mmoja wa waasisi wa taaluma inayochunguza wahanga wa uhalifu, aliwapanga kwa kiwango cha hatia yao wenyewe. Lakini Azimio la Umoja wa Mataifa la 1985 kuhusu wahanga wa uhalifu linamtambua mhanga kwa madhara aliyoyapata, hata kama mkosaji hajakamatwa.