Kilo ngapi ni maji?

Mama mmoja wa upande wa Kipushi alipakia magunia 12 ya mahindi kwenye lori na kuyasindikiza mpaka kinu kimoja hapa Lubumbashi. Bei walishapatana kwa simu. Kufika, mpokeaji alichota konzi moja, akauma punje, akasema mahindi yana maji, akashusha bei kwa robo nzima. Lori lilikuwa limesimama linangoja, na kurudi nyumbani na mzigo ni gharama juu ya gharama. Mama akauza. Mimi nilikuwa pembeni yake, na programu ya simu niliyotengeneza ya kuwaonyesha wakulima bei ilikuwa bado inaonyesha bei ile ya mwanzo. Akaniambia: "Mwanangu, mwenye mizani njo mwenye bei."

Kabla ya siku ile niliamini mkulima anakosa habari za bei. Hapana, bei anaijua. Ana ndugu katika soko la Kenya hapa hapa Lubumbashi, ana simu. Kinachomwangusha ni neno gunia. Moja hushonwa mdomo, jingine huongezewa kichwa mpaka linainama, na mnunuzi analipa yote mawili sawa. Sokoni tunapima kwa meka, yaani chombo cha kupimia kwa ujazo, kwenye kinu kwa kilo. Jukwaa la biashara lisilojua gunia ni nini linahamishia ugomvi ule ule kwenye simu tu.

Nikaanza upya na unyevu. Chukua kilo 1,000 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18. Ukitoa maji, zinabaki kilo 820. Mwenye kinu anataka asilimia 13, yaani sehemu isiyo maji iwe asilimia 87, kwa hiyo gawanya 820 kwa 0.87: unapata kama kilo 942. Anachostahili kukata ni kilo 58, hazifiki asilimia 6. Yule mama alikatwa 25.

Mwenye kinu naye ana hofu ya kweli, na sitaki kumfanya adui. Mahindi mabichi yakilala ghalani yanaota ukungu, na ukungu mwingine huacha sumu ya aflatoksini ambayo kupika bukari (ugali) hakuiondoi. Ndiyo maana kipimo lazima kifanyike kijijini, kabla lori halijawashwa, pande zote mbili zikiona namba ile ile.

Mashine ya kupimia unyevu ni ghali kwa mkulima mmoja. Tunaanza na chumvi: chupa kavu, chumvi iliyoanikwa vizuri, konzi ya mahindi, kisha unatikisa na kuacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, anika tena. Isipoganda, ndipo mwenye mashine wa kikundi cha wakulima anaitwa na namba inaingia kwenye mfumo.

Kuingiza namba nako kulinifunza adabu. Wengi kule wana simu ya vibonyezo, kwa hiyo tunatumia menyu ya kubonyeza nyota na reli, isiyohitaji intaneti. Ukurasa mmoja hubeba herufi 182 tu, na ukichelewa kujibu unakatwa. Maswali yangu 11 yakawa manne: zao, kilo, unyevu, mahali mzigo ulipo. Jina la kijiji cha mkulima tunalijua kutoka kwenye usajili.

Vinu vingi vya hapa vimezoea mahindi ya Zambia yanayopita mpaka wa Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame uliipiga Zambia mpaka serikali yake ikautangaza kuwa janga la taifa mwezi wa pili, na hapa tuliona unga unavyopanda. Ningependa mwaka mwingine kama ule utukute wenye kinu wakiwa na namba za simu za wakulima wetu wenyewe. Kazi ya kupitisha pesa tumeziachia kampuni za simu. Mnunuzi analipa sehemu mzigo unapopimwa, iliyobaki unapopokelewa.

Limebaki swali la mizani, maana nayo hudanganya. Jibu tulilipata kwa baba mmoja mwenye duka. Anapima bidoni (dumu) tupu, anaijaza maji lita 20, anapima tena. Tofauti lazima iwe kilo 20. Sasa hatua hiyo ndiyo ya kwanza kwenye menyu, na kikundi hakiwezi kuandika gunia hata moja la siku hiyo kabla ya kupima bidoni.